Vumbi la mviringo na vumbi la makali



Mara nyingi ukurasa huu unakukumbusha juu ya vumbi la mawe: mwagia maji, vaa masiki, usipulize nguo zako kwa hewa ya kompresa. Na mara nyingi unasikia mwenzako kazini akijibu: «Vumbi ni vumbi tu. Tumelizoea.»

Leo tunataka kukuonyesha kwamba vumbi si vumbi tu. Kuna viwanda, kule Japani, Uchina, Ulaya na Marekani, ambavyo kazi yao ni kutengeneza vumbi. Wanalichekecha, wanalipima, wanalitia katika mifuko na kuliuza kwa bei kubwa. Na vumbi hilo ni la kitu kile kile kilichomo katika mawe unayotoboa wewe: silisi. Lakini wao wanatafuta punje za mviringo, laini kama shanga. Wewe, kwa mashini yako ya kutobolea mawe, unazaa punje zenye makali, kama vipande vya chupa iliyovunjika.

Ukifahamu namna wanavyopata punje za mviringo, utafahamu vema zaidi kwa nini vumbi lako wewe linaharibu mapafu. Tena utajua ulizo moja la kuuliza mbele ya kila vumbi, liwe la shimoni, la kiwandani au la ndani ya mfuko. Basi, soma polepole.

SILISI NI NINI?

Silisi ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Mchanga wa mto, kwa sehemu kubwa, ni silisi. Jiwe jeupe la kwarzi ni silisi tupu. Hapa kwetu Katanga silisi iko karibu kila mahali penye shaba. Ninyi mnaofanya kazi Kolwezi, Kambove au Fungurume mnajua herufi R.S.C. ambazo wanajiolojia wanaandika kwenye ramani zao. Herufi hizo ni za Kifaransa, na maana yake ni mawe ya silisi yenye matundu. Kwa hiyo usifikiri kwamba silisi ni jambo la mashimo ya dhahabu ya Afrika Kusini peke yake.

Silisi inapatikana kwa sura mbili. Ya kwanza ni silisi ya kristali: chembe zake zimepangwa kwa safu, kama matofali ya ukuta uliojengwa na fundi mzuri. Kwarzi ni ya namna hiyo. Ya pili ni silisi ya kioo: chembe ni zile zile, lakini zimelala ovyo, kama matofali yaliyomwagwa na kamyo.

Wenzetu wa tanuru wanajua jambo hili bila kitabu. Sikori, yaani takataka iliyoyeyuka ya tanuru la shaba, ikimwagwa katika maji inapoa ghafula na kuwa punje nyeusi za kioo. Ikiachwa kupoa polepole inakuwa jiwe. Kitu ni kimoja. Namna ya kupoa ndiyo inayobadili sura yake. Na silisi nayo iko vile vile. Shika neno hili, kwa maana tutalirudia.

KWA NINI WANATAKA MVIRINGO?

Fungua telefoni iliyokufa au redio ya kisasa. Ndani utaona vibao vidogo vyeusi vilivyopangwa kama mende wasiotembea. Ndani ya kila kibao kuna kipande cha silikoni ambacho ndicho akili ya chombo. Ule weusi wa nje ni koti la kukilinda. Watu wanafikiri koti hilo ni plastiki. Kumbe, mara nyingi zaidi ya asilimia 70 ya uzito wake ni vumbi la silisi, na rezini ni gundi ya kulishikamanisha tu. Katika telefoni hiyo hiyo, betri yake mara nyingi ina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu. Ndiyo kusema, jasho la Lualaba na vumbi la mviringo vinakaa katika mfuko mmoja wa shati.

Kwa nini silisi? Kwa sababu rezini ikipata joto inavimba sana, na silikoni inavimba kidogo. Koti likivimba kuliko mwili, linapasuka au linakata nyuzi. Silisi ya kioo haivimbi karibu hata kidogo. Ukiichanganya kwa wingi katika rezini, koti linatulia.

Na kwa nini mviringo? Jaribu wewe mwenyewe. Jaza ndoo moja kokoto zilizopondwa na nyingine maharage. Tia mkono. Katika maharage mkono unaingia, punje zinateleza, zinapishana. Katika kokoto mkono unakwama na kukwaruzwa. Vivyo hivyo vumbi la mviringo linateleza ndani ya rezini hata likiwa jingi sana, halili vyuma vya mashini, wala halikati nyuzi za dhahabu ambazo ni nyembamba kuliko unywele.

Basi mviringo unatafutwa kwa sababu ya chombo, si kwa sababu ya mapafu ya mtu. Kumbuka hilo pia. Sasa tutazame njia za kuupata.

NJIA YA KWANZA: KUYEYUSHA KATIKA MOTO

Hii ndiyo njia ya viwanda vikubwa. Wanachukua kwarzi safi, wanaiponda, wanaisaga mpaka iwe unga, wanaiosha kwa asidi ili kuondoa chuma na uchafu mwingine. Kisha unga huo wenye makali unapulizwa ndani ya ndimi za moto wa gesi na oksijeni, wenye joto la zaidi ya digri 2,000. Silisi inaanza kuyeyuka karibu na digri 1,700. Kila punje, inapopita katika moto huo kwa nukta kidogo tu, inageuka kuwa tone.

Tone linapenda kuwa mviringo. Tazama umande juu ya jani la muhogo asubuhi: umekaa kama shanga. Tazama pia fundi anayeunga vyuma kwa moto: cheche zinazoruka na kuanguka zinageuka kuwa vidonge vya chuma vya mviringo. Hakuna aliyevichonga. Kitu kilichoyeyuka kinajivuta chenyewe, na makali yote yanapotea.

Tone la silisi likitoka katika moto linapoa ghafula hewani. Halipati nafasi ya kupanga chembe zake kwa safu. Kwa hiyo linakuwa kioo, kama ile sikori iliyomwagwa katika maji. Moto umefanya kazi mbili kwa mara moja: umeondoa makali, umeondoa na kristali. Punje zinakusanywa katika mifuko mikubwa ya kuchuja hewa, zikiwa na ukubwa wa mikroni chache hadi makumi ya mikroni. Mikroni 1 ni sehemu moja ya milimita iliyokatwa mara 1,000. Unywele wa mtu una unene wa karibu mikroni 70.

Lakini fikiri vizuri, ndugu. Mwisho wa kazi hiyo kuna punje za mviringo. Mwanzoni kulikuwa na nini? Kulikuwa na konkaseri na kinu, na unga mkavu wa kwarzi. Mtu anayesimama kwenye kinu hicho yuko katika hatari ile ile ya mtoboa mawe, na pengine kubwa zaidi, kwani jiwe lake ni kwarzi tupu. Kusema «kiwanda chetu kinatengeneza vumbi la mviringo» hakumlindi mtu huyo hata kidogo.

NJIA YA PILI: KUZALISHA KUTOKA MVUKE

Punje za moto wa kwanza ni kubwa kwa kazi fulani. Tena kuna jambo lingine. Mwaka wa 1978, wataalamu wawili wa Marekani, Timothy May na Murray Woods, walieleza kwa nini vyombo vya kukumbuka hesabu vilikuwa vinakosea bila sababu ya kuonekana. Katika koti la vyombo hivyo mlikuwa na chembe kidogo sana za uranium na thorium, na mionzi yake ilikuwa inavuruga hesabu. Sisi watu wa Katanga, nchi ya Shinkolobwe, hatuna haja ya kuelezwa kwamba uranium inakaa katika mawe. Tangu hapo mafundi wanatafuta silisi isiyo na uranium, na njia moja ni kutotumia unga wa jiwe kabisa.

Mjini hakuna jiwe lililosagwa, bali kuna mvuke. Kule Japani wameendeleza namna ya kurusha unga wa silikoni yenyewe, ile inayong'aa kama chuma, ndani ya oksijeni yenye moto. Unawaka kwa nguvu, unageuka mvuke, na mvuke ukipoa unakuwa vidonge vya silisi vya mviringo, vidogo kuliko mikroni 2. Hatari hapa si mapafu peke yake: unga mwembamba wa silikoni ukitimka hewani na kukutana na cheche unaweza kulipuka kama baruti.

Namna nyingine ni ya Mjerumani Harry Kloepfer, ya mwaka wa 1942. Alichoma maji ya kloridi ya silikoni katika moto wa hidrojeni. Anapata unga mwepesi kama pamba, wa vidonge vidogo mno vilivyoshikamana kama mnyororo wa shanga. Huo unatiwa katika rangi, gundi na dawa ya meno. Lakini moto huo unatoa pia gesi ya asidi inayochoma koo na macho, na isipokamatwa inawapata wafanyakazi.

Kuna na moshi ambao haukutafutwa na mtu. Tanuru za umeme zinazotengeneza silikoni na ferosilikoni zinatoa moshi wa silisi. Zamani ulikuwa unapotea hewani na kuchafua miji. Walipoweka mifuko ya kuchuja, walikuta unga wa kijivu wa vidonge vya mviringo vyenye ukubwa wa karibu mikroni 0.15, vidogo mara 100 kuliko punje ya simenti. Kule Norway walianza kuujaribu katika beto miaka ya 1950. Leo unga huo unatiwa katika beto inayopulizwa juu ya kuta za mashimo ya chini ya udongo, ili dari lisianguke. Ndugu unayefungua mifuko hiyo shimoni: hilo ndilo vumbi la mviringo, limekufikia mikononi. Tutarudi kwako.

NJIA YA TATU: KUOTESHA KATIKA MAJI YA DAWA

Mwaka wa 1968, Werner Stöber na wenzake Arthur Fink na Ernst Bohn walitoa habari ya njia isiyotaka moto wala kinu. Walichukua dawa ya maji yenye silikoni ndani yake, wakaichanganya na pombe kali na maji kidogo, wakatia amonia. Dawa inavunjika, silisi inaanza kujikusanya, na punje zinakua kidogo kidogo kama mvua ya mawe inavyokua ndani ya wingu. Amonia inazisaidia kukua sawa pande zote. Zinatoka mviringo kabisa, na karibu zote zina ukubwa mmoja. Kwa kubadili vipimo walipata punje kutoka mikroni 0.05 mpaka mikroni 2.

Stöber alikuwa mtaalamu wa vumbi la hewani. Punje zenye ukubwa mmoja ni kama mawe ya mizani: ukijua ukubwa wake hakika, unaweza kuzitumia kusahihisha vyombo vinavyopima vumbi. Kwa hiyo vumbi la mviringo linaweza pia kusaidia kazi ya usalama.

Njia hii ni ya polepole na ya bei kubwa. Nayo ina hatari zake: pombe inashika moto, amonia inakata pumzi, na mvuke wa ile dawa unaumiza macho. Njia nyingine inayofanana nayo ni kupuliza maji yenye silisi kama mvua nyembamba ndani ya hewa ya moto. Kila tone linakauka linapoanguka, na linabaki kidonge cha mviringo chenye vitundu vidogo ndani.

Sasa hesabu pamoja nasi. Katika njia ya kwanza jiwe limeyeyushwa. Katika ya pili mvuke umepoa. Katika ya tatu punje imeoteshwa. Katika njia zote tatu, punje ya mwisho haikuzaliwa kwa kuvunjwa. Kuvunja peke yake hakuwezi kuleta mviringo.

Na wewe, kazini kwako, unafanya nini kutwa nzima? Unavunja.

PUNJE ILIYOVUNJWA INAFANYA NINI KIFUANI?

Vumbi kubwa, lile unaloliona na kulitema, linakamatwa na pua na koo. Vumbi linalofika chini kabisa ya mapafu ni dogo kuliko mikroni 5, na jicho halilioni. Punje ya kwarzi ya mikroni 1 ikiachwa kwenye kimo cha kichwa cha mtu, hata hewa ikitulia kabisa, inachukua karibu masaa 5 kufika chini. Kwa hiyo usiseme «vumbi limekwisha» kwa sababu tu umeanza kuona taa ya mwenzako.

Ndani ya mapafu kuna askari wa mwili. Wao wanameza kila mgeni na kumtoa nje. Askari akimeza punje ya kwarzi, punje hiyo inamuua. Anapasuka, punje inatoka, askari mwingine anaimeza, naye anakufa. Mahali hapo panafanya kovu. Kovu likiongezeka juu ya kovu, mapafu yanakuwa magumu kama ngozi kavu, na pumzi inapungua. Ugonjwa huo ni silikozi.

Wataalamu wamegundua kwamba kristali inadhuru zaidi kuliko kioo, na kwamba kwarzi iliyovunjwa sasa hivi inadhuru zaidi kuliko ile iliyovunjwa zamani. Uso mpya wa jiwe lililopasuka una ukali wa kikemia ambao unapungua na siku. Kwa hiyo mbaya zaidi ni lile vumbi linalotoka wakati huo huo mbele ya mashini yako, kabla hata halijaona hewa.

Silikozi haina dawa ya kuiponya. Mara nyingi inatokea baada ya miaka 10 au zaidi ya kazi, hata mtu ameacha shimo. Vumbi likiwa jingi sana, inaweza kuja kabla ya miaka 5. Mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na sigara inazidisha taabu. Mwaka wa 1997, shirika la dunia la uchunguzi wa kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba silisi ya kristali inayovutwa kazini inaleta kansa ya mapafu kwa watu. Juu ya silisi ya kioo, shirika hilo lilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihukumu.

Usifikiri hayo ni mambo ya zamani. Mwaka wa 2019, mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano kati ya kampuni 6 za dhahabu na wachimbaji wagonjwa wa silikozi na kifua kikuu. Fedha zilipatikana, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa, na familia zao ndizo zilizopokea. Na tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka wa 2024, Australia ilikataza meza za jikoni za jiwe lililotengenezwa kwa unga wa kwarzi na rezini. Vijana waliozikata kwa mashini walikuwa wameugua silikozi. Angalia: unga ule ule ukilala ndani ya rezini hauna neno. Ukikatwa mkavu, unazaliwa upya kama vumbi.

MVIRINGO SI RUHUSA YA KUVUTA

Sasa turudi kwako unayefungua mifuko ya unga wa moshi wa silisi kwa ajili ya beto. Pengine umeambiwa: «Hii haina hatari, ni ya mviringo.» Ni kweli kwamba ni silisi ya kioo, na haileti silikozi kama kwarzi. Lakini:

– Vumbi jingi la namna yoyote linachosha mapafu, linakausha koo na kuwasha macho.

– Mfuko unaweza kuwa na kristali kidogo iliyochanganyika. Soma karatasi ya mfuko, au mwombe mkubwa wa kazi akusomee.

– Beto ikipulizwa ukutani, mchanga wake unarudi hewani, na mchanga una kwarzi. Simenti nayo inachoma ngozi.

Kuna neno la mwisho, nalo ni kwa ajili yenu waashi wa tanuru. Silisi ya kioo ikikaa siku nyingi katika joto kali, zaidi ya digri 1,000, inaanza kupanga chembe zake kwa safu. Inageuka kuwa kristali inayoitwa kristobaliti, ambayo shirika la Lyon limeiweka katika hukumu moja na kwarzi. Matofali ya silisi ya tanuru yana kristobaliti, na pamba nyingine za kuzuia joto zinaizaa zikikaa kwenye moto. Kitu kilichoingia tanuruni bila ubaya kinaweza kutoka na ubaya. Siku mnayobomoa tanuru la zamani kwa nyundo ni siku ya kuvaa masiki kuliko siku zote.

ULIZO MOJA

Basi, mbele ya kila vumbi usiulize kwanza jina lake wala rangi yake. Uliza: LIMEZALIWA NAMNA GANI? Limeyeyushwa? Limeoteshwa? Au limevunjwa? Na tangu lizaliwe, limepita katika moto gani? Kama limevunjwa kutoka jiwe, na hasa kama limevunjwa likiwa kavu, jua kwamba adui yuko mbele yako.

Mwenye kiwanda cha vumbi la mviringo anatumia gesi, oksijeni na joto la digri 2,000 ili kuondoa makali. Sisi hatuwezi kuyeyusha vumbi la shimo. Lakini tunaweza kulizuia lisizaliwe mkavu na lisifike puani:

1. TOBOA NA MAJI. Maji lazima yafike kwenye ncha ya chuma, pale pale jiwe linapovunjika. Maji yakikatika, simamisha mashini. Usimalize tundu «kidogo tu» kwa kukauka.

2. BAADA YA BARUTI, NGOJA. Acha hewa ya feni ibadilike, kisha mwagia rundo la mawe kabla ya kulipakia.

3. KWENYE KONKASERI NA KONVEYA, mifuniko ikae mahali pake na mivuto ya hewa ifanye kazi. Mfuniko uliotolewa kwa matengenezo urudishwe siku hiyo hiyo.

4. USIFAGIE KUKAUKA, usipulize kwa kompresa sakafu, nguo wala kichwa. Mwagia maji kwanza, au vuta kwa mashini.

5. MASIKI IWE MASIKI. Kitambaa na leso havizuii punje ya mikroni 1. Chukua masiki yenye kichujio cha vumbi dogo, ikae sawa usoni. Ndevu zinafungua njia pembeni. Kichujio kikiziba, badili.

6. NGUO ZA KAZI ZIBAKI KAZINI. Bibi anayezikung'uta nyumbani na mtoto anayekukumbatia mlangoni hawakuandikwa kazi ya shimo.

7. USIKWEPE RADIOGRAFI. Picha ya kifua inaonyesha kovu kabla wewe hujasikia maumivu. Ukikohoa zaidi ya wiki 2, nenda kwa mganga bila kungoja, akuchunguze kifua kikuu. Kifua kikuu kina dawa.

Mkubwa wa kazi naye ana sehemu yake. Kapita anayehesabu mawe yaliyotoka lazima ahesabu na vumbi. Marekani, mwaka wa 2016, iliweka mpaka kwa viwanda vyake: mikrogramu 50 za silisi ya kristali katika kila meta moja ya kubo ya hewa, kwa kazi ya masaa 8. Hiyo ni karibu uzito wa punje moja ndogo ya chumvi, katika hewa inayojaza sanduku la meta moja kila upande. Jicho la mtu haliwezi kuona kipimo hicho. Ni chombo tu kinachoweza. Mfanyakazi akiomba vumbi la mahali pake lipimwe, hafanyi ukaidi. Anafanya kazi yake.

Na ninyi ndugu mnaochimba kwa mkono, nje ya kampuni, mkiponda mawe kwa nyundo mbele ya nyumba na watoto wakiwa karibu: mambo haya ni yenu pia. Jiwe halijui nani ana matrikuli na nani hana. Lowesheni jiwe kabla ya kulipiga, kaeni upande upepo unakotoka, na wapelekeni watoto mbali.

Mwaka wa 1995, shirika la kazi la dunia na lile la afya yalianza mpango wa kumaliza silikozi duniani mpaka mwaka wa 2030. Mpango huo hautatimia Geneva. Utatimia, au hautatimia, kwenye bomba la maji la mashini yako. Kesho ukianza kazi, kabla ya kutoboa tundu la kwanza, fungua maji, utazame kama yanafika.